UZI: Buibui wa mpira, mji wa Taranto na mdudu aliyesingiziwa

1. Kila ikikaribia tarehe 31 Oktoba, maduka ya Marekani na Uingereza hujaa buibui wa mpira na plastiki. Ni mapambo ya Halloween, usiku ambao watoto huvaa vinyago na watu hutishana kwa utani. Sasa swali: yule buibui wa dukani anafanana na buibui kweli? Usicheke. Jibu lina historia ndefu, na mimi kama nesi naona lina faida hata kwako ambaye Halloween huijui. Twende taratibu.

2. Tumpime kama tunavyompima mgonjwa. Buibui halisi ana sehemu mbili za mwili, na miguu yote 8 inatoka sehemu ya mbele. Tumboni hakuna mguu hata mmoja. Wa dukani mara nyingi miguu imebandikwa popote. Macho? Buibui wengi wana 8, huyu kawekewa mawili mekundu. Yule mweusi wa Marekani, anayeitwa mjane mweusi, alama yake nyekundu iko chini ya tumbo. Kwenye mwanasesere utaikuta mgongoni, ili mteja aione. Halafu manyoya, mengi kama ya paka! Hapo kwenye manyoya ndipo historia inapoanzia.

3. Twende Taranto, kusini mwa Italia. Karne za nyuma, wavunaji wa ngano walikuwa wanaumwa na kitu shambani wakati wa joto. Mtu anapata maumivu makali, anatoka jasho, anatetemeka, ananyong'onyea. Watu wakamnyooshea kidole buibui mkubwa wa maeneo yale, wakamwita tarantula kwa jina la mji. Dawa yake ilikuwa muziki. Wanaitwa wapigaji wa fidla na matari, mgonjwa anacheza kwa saa nyingi, wakati mwingine siku kadhaa, mpaka apoe. Wewe unayeijua ngoma ya kupunga pepo, sina haja ya kukueleza zaidi.

4. Sasa sikia. Yule mkubwa akikuuma, unapata maumivu madogo tu, basi. Lakini kusini mwa Italia kuna mwingine: mweusi, mwili wake kama sentimita moja tu, ana madoa mekundu, wala hana manyoya ya kutisha. Sumu yake inashika mishipa ya fahamu. Misuli inakaza, tumbo linauma vibaya, jasho linamwagika, presha inapanda. Linganisha na dalili za wavunaji. Yaani mkubwa alibeba kesi ya mdogo, kwa sababu ndiye aliyeonekana.

5. Wazungu walipofika Amerika wakakuta buibui wakubwa zaidi, wenye manyoya kweli. Wakawapa jina lilelile, tarantula. Jina likavuka bahari pamoja na woga wake. Mwaka 1955 Hollywood ikatoa filamu inayoitwa hivyohivyo, buibui halisi akipigwa picha aonekane mkubwa kuliko nyumba. Na ukweli ni kwamba sumu ya hao wa Amerika kwa kawaida si ya kuua mtu. Wengi wao kero kubwa ni vinywele vya tumboni wanavyovirusha, vikiingia jichoni ni balaa.

6. Mwaka 1959 mtafiti wa Italia, Ernesto de Martino, alikwenda kusini kule na wenzake kuwaona watu waliokuwa bado wanacheza ngoma ile. Wengi walikuwa wanawake, na "sumu" iliwarudia kila mwaka, msimu uleule. Sumu ya buibui haina kalenda. Kitabu chake cha 1961 kilionyesha kwamba chanzo hakikuwa kuumwa tu: kulikuwa na umaskini, ndoa za kulazimishwa, misiba isiyosemeka. Buibui aliwapa ruhusa ya kulia mbele za watu.

7. Na mwanasesere naye ana sifa zake. Mwaka 1997 watafiti wa Seattle, Marekani, waliandika kuhusu mwanamke aliyeteswa na woga wa buibui kwa miaka 20. Walimvalisha kifaa cha kumwonyesha buibui wa kompyuta, huku mkono wake ukigusa buibui wa kuchezea mwenye manyoya. Vikao 12 vya saa moja moja, na woga ukapungua sana. Hakuhitaji miguu iliyopangwa sawasawa. Alihitaji manyoya.

8. Kwa hiyo hukumu yangu: kwa kufanana na mdudu, amefeli. Kwa kufanana na woga wetu, amepata zote. Na hapo ndipo penye hatari, maana woga unatufundisha kumtazama mkubwa mwenye manyoya na kumpuuza asiyeonekana. Kidonda chekundu, cha moto, chenye usaha, watu husema "buibui kaniuma" hata kama hawakumwona. Mara nyingi ni jipu la bakteria. Usilikamue, usipake majivu wala dawa ya meno, nenda kituo cha afya. Ukiona wekundu unasambaa au homa inapanda, usingoje kesho. Na ukiumwa na mdudu kisha misuli ikakaza na jasho likakutoka, wahi. Kama mdudu amepatikana na ni salama, mpige picha uje nayo.

Uzi umeisha. Mtumie yule ndugu yako anayemsingizia buibui kila jipu.