Nyurotransmita katika maji ya uti wa mgongo

Kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya seli za neva, kama glutameti na dopamini. Viwango vyake katika maji ya uti wa mgongo huweza kubadilika ubongo unaposhambuliwa na vimelea. Mjini Kigali, kama kwingineko, daktari akishachoma sindano kiunoni huangalia kwanza kama maji ni maangavu au yana ukungu, kisha hupimwa seli, protini, glukosi na fangasi ya kriptokokasi. Nyurotransmita hazimo katika vipimo hivyo vya kawaida. Ushahidi wa karibu ni wa Malawi: mwaka 2003 watafiti waliripoti kuwa asidi ya kwinoliniki, inayochochea vipokezi vya glutameti, ilizidi kwa watoto wenye malaria ya ubongo, hasa waliofariki. Asidi hiyo huonyesha ukali wa ugonjwa, kimelea haikitambulishi.