Itifaki Imesainiwa, Nani Anaitekeleza?

Sisi waandishi wa programu tunalijua vizuri neno itifaki. Ni kanuni zinazowezesha kompyuta mbili zisizojuana kuzungumza. Moja ikikiuka kanuni, mawasiliano yanakatika na ujumbe wa kosa unatokea kwenye skrini. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina itifaki, ya Soko la Pamoja. Hii ikikiukwa, skrini haionyeshi kitu. Hebu tuangalie historia yake kupitia nchi moja, Tanzania.

Jumuiya ya kwanza iliundwa 1967 ikavunjika 1977. Mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Mkataba mpya ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Umoja wa Forodha ulianza 2005, kisha Itifaki ya Soko la Pamoja ikasainiwa tarehe 20 Novemba 2009 na kuanza kutumika 1 Julai 2010.

Itifaki inaahidi kwamba bidhaa, watu, wafanyakazi, huduma na mitaji vitavuka mipaka kwa uhuru. Kifungu cha 13 kinahusu haki ya raia wa nchi moja kujiajiri au kufungua biashara katika nchi nyingine. Tanzania iliingia kwa tahadhari. Suala la ardhi lilibaki chini ya sheria za kila nchi, na kila nchi ilijaza orodha ya mambo iliyokubali kuyafungua. Hapo hakuna kosa, maana yote yaliandikwa ndani ya itifaki yenyewe.

Shida ilikuja kwenye utekelezaji. Tathmini ya 2014 ilikuta hatua zisizopungua 63 katika biashara ya huduma zinazopingana na ahadi za nchi tano za wakati huo. Kisha Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Ndani ya orodha hiyo kuna mambo yetu kabisa: kutuma na kupokea pesa kwa simu, na kutengeneza simu na vifaa vya elektroniki. Wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wamelalamika kwamba wageni, hasa Wachina, wameingia hadi kwenye rejareja. Lakini amri haikumtofautisha Mchina na Mkenya au Mganda.

Kenya ilipinga, ikitaja itifaki. Tusijisifu lakini. Machi 2021 sisi wenyewe tulizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu.

Je, hakuna refa? Yupo: Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Wakili Mkenya Samuel Mohochi alizuiwa kuingia Uganda katika uwanja wa Entebbe, Aprili 2011, akarudishwa bila kupewa sababu. Alishtaki, na 2013 mahakama ikasema Uganda ilivunja mkataba na itifaki.

Sasa fikiria fundi wa simu kutoka Kisii mwenye kibanda Mwanza. Wakili alijua njia ya mahakamani. Fundi ana bisibisi, kodi ya kibanda na amri yenye faini na kifungo. Itifaki inayomlinda tu anayeweza kushtaki bado haijakamilika. Wewe unaonaje?