Gilwell Park: Kambi Iliyogeuka Chuo cha Skauti

Chimbuko la Gilwell Park ni chakula cha jioni. Tarehe 20 Novemba 1918, siku tisa baada ya Vita Kuu ya Kwanza kusimama, mfanyabiashara wa Scotland aitwaye William de Bois Maclaren aliketi mezani katika hosteli ya skauti ya Roland House, mashariki mwa London. Maclaren alikuwa kamishna wa skauti huko kwao, na katika safari zake za biashara lilimuuma jambo moja: skauti wa mitaa ya walalahoi ya London hawakuwa na mahali pa maana pa kupigia kambi. Jioni ile aliahidi pauni 7,000. Kazi ya kutafuta ardhi akakabidhiwa P. B. Nevill, kamishna wa eneo hilo.

Skauti wakubwa wakaipekua misitu ya Hainault na Epping, wakarudi mikono mitupu. Aliyeokoa jahazi ni John Gayfer, kiongozi msaidizi kijana aliyezoea kwenda mahali paitwapo Gilwell Hall kutazama ndege. Nevill alipofika huko alikuta ekari 53 kando ya msitu wa Epping, na zinauzwa. Bei? Pauni 7,000 zile zile.

Nyumba kuu ilikuwa hoi. Zaidi ya miaka mia moja nyuma, hapo ndipo alipoishi kwa anasa William Chinnery, ofisa wa Hazina ya Uingereza, pamoja na mkewe Margaret. Mwaka 1812 ikabainika kwamba Chinnery alikuwa akichota fedha za umma. Akakimbia nchi, na mali ikachukuliwa na serikali. Wenye nyumba walibadilika mara kadhaa baada ya hapo, na mwishowe ikaachwa ichakae.

Alhamisi Kuu ya tarehe 17 Aprili 1919, Nevill alipeleka vijana wake kuanza ukarabati. Ardhi ilikuwa imelowa kiasi kwamba mahema hayakuweza kusimikwa, hivyo wakalala sakafuni katika kibanda cha mtunza bustani. Walikibatiza jina la Banda la Nguruwe. Kibanda hicho chakavu hakikubomolewa. Skauti wa leo huonyeshwa mahali ambapo wenzao walilaza mbavu usiku wa kwanza.

Uzinduzi rasmi ulikuwa Jumamosi ya tarehe 26 Julai 1919. Awali ulipangwa tarehe 19, lakini siku hiyo Uingereza nzima ilikuwa ikisherehekea amani, na skauti nao walitakiwa kwenye sherehe. Mke wa Maclaren ndiye aliyekata utepe wa kijani na njano mlangoni. Maclaren mwenyewe aliongeza pauni 3,000 za matengenezo.

Lakini mfadhili na mwanzilishi wa skauti hawakuwa na ndoto moja. Maclaren alitaka kiwanja cha kambi kwa watoto wa maskini. Robert Baden-Powell alitaka, zaidi ya kambi, chuo cha viongozi, kwa kuwa aliona mtoto hawezi kufundishwa uskauti na mtu mzima asiyeuelewa. Gilwell ikabeba yote mawili. Septemba 1919 kozi ya kwanza ilifunguliwa chini ya Francis Gidney, na watu wazima wakapangwa katika vikosi vidogo kama watoto waliokuja kujifunza kuwaongoza.

Waliofuzu walipewa shanga mbili za mti. Shanga za mwanzo zilitoka kwenye mkufu wa Kizulu unaohusishwa na Dinuzulu, mwana wa mfalme Cetshwayo, ambao Baden-Powell alirudi nao kutoka Afrika Kusini. Simulizi za jinsi alivyoupata zinapingana, na ni haki Mwafrika anapoiuliza habari hiyo upya. Skafu ya Gilwell nayo ina kipande cha kitambaa cha miraba cha ukoo wa Maclaren. Hiyo ni shukrani ndogo kwa mtu aliyefariki mwaka 1921, asiione sifa kubwa ya shamba alilolinunua.

Mwaka 1929 Baden-Powell alipopewa ubaroni, alichagua kuitwa Lord Baden-Powell wa Gilwell. Jina hilo alikwenda nalo hadi Nyeri, Kenya, alikofia tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa akielekea Mlima Kenya. Wakati huo kambi yenyewe ilikuwa mikononi mwa jeshi, lililoishika kuanzia 1940 hadi 1945. Bomu lilianguka humo na kuacha shimo kubwa. Skauti, kama ilivyo kawaida yao, hawakulifukia. Walilipanua, likajaa maji, na watoto wakawa wanapiga makasia humo.

Tangu 2001 makao makuu ya chama cha skauti cha Uingereza yako Gilwell. Kiongozi yeyote aliyevaa shanga mbili, awe amezipata Nairobi au Dodoma, huhesabiwa mwanachama wa Kundi la Kwanza la Gilwell Park, na kila Septemba mlango uko wazi kwake kwenye mkutano wa mwaka wa kundi hilo.