Reli ya Kusini na Mizigo ya Wapagazi

Jina la Kariakoo, soko letu kuu hapa Dar es Salaam, limetokana na matamshi ya wenyeji ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi mahali hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa mjini humu mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, haikwenda kusini. Kwa hiyo, vita vilipohamia nyika za Lindi mwaka 1917, risasi na vyakula vilibebwa vichwani. Wapagazi wengi walikufa, zaidi kwa maradhi kuliko kwa silaha.

Reli ilipojengwa huko hatimaye, haikujengwa kwa ajili ya kuwapunguzia wenyeji mzigo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyopungukiwa mafuta ya kula, ilianzisha mradi wa karanga uliokusudiwa kuenea ekari zaidi ya milioni 3, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Njia ya reli ilianzia Mkwaya, kwenye hori ya Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara.

Lakini mitambo iliharibika, ardhi ya Kongwa ilikuwa ngumu na mvua yake haba. Januari 1951 mradi uliachwa, baada ya kugharimu takriban pauni milioni 36. Tawi la kwenda Masasi liliongezwa mwaka 1958, lakini mizigo haikutosha kulipa gharama. Mwaka 1962 reli hiyo ilifungwa, na mataruma na vyuma vyake vikang'olewa.

Je, ilikuwa kosa kuijenga? La hasha. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka mashamba ya wakulima wadogo wa kusini. Wakati huo reli haikuwapo tena. Kosa lilikuwa kuipima njia kwa zao moja lililochaguliwa London, kisha kuihukumu kwa hasara ya zao hilo, bila kumtazama mkulima aliyekuwa akipanda mikorosho yake kando ya njia hiyo.

Mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay umezungumzwa kwa miaka mingi. Kabla ya kuhesabu makaa na chuma, hatuna budi kuuliza ni mzigo wa nani utakaobebwa. Wachukuzi wa Kariakoo, wenye magunia mabegani hata leo, wanalijua swali hilo.