Laiti Petronius Angalivuka Jangwa

Wazee husema "ningalijua" huja nyuma, na walimu wa historia hutuonya tusiichezee. Kilichotokea kimetokea. Lakini kuna vita fulani ambavyo, nisipouliza ingalikuwaje, siwezi hata kusema ni nani aliyeshinda.

Mwaka 30 KK Kleopatra alikufa na Misri ikawa mali ya Roma. Kusini yake, kando ya Nile katika Sudan ya leo, ulikuwapo ufalme wa Kushi, na mji wake mkuu Meroe. Sisi tuliosoma historia sekondari tuliijua Meroe kama jibu la swali la ufuaji wa chuma. Tuliandika jibu, tukapata alama, tukaendelea na Aksum. Hatukuambiwa kwamba watu wa Meroe waliwahi kumzika Kaisari mlangoni.

Roma haikukawia kunyoosha mkono kusini. Mwaka 29 KK liwali wake wa kwanza Misri, Cornelius Gallus, alichongesha jiwe huko Philae kwa lugha tatu, akijigamba kwamba mfalme wa kusini amekubali kuwa chini ya ulinzi wake. Kiasi cha mwaka 25 KK, sehemu ya majeshi ya Roma ilipopelekwa Uarabuni, Wakushi waliona mwanya. Waliivamia Aswan, Elephantine na Philae, wakachukua mateka na kuziangusha sanamu za Kaisari Augusto.

Anayetusimulia ni Strabo, Mgiriki aliyekuwa rafiki wa liwali mwingine wa Misri, Aelius Gallus. Kwa hesabu yake, liwali Petronius aliondoka na askari wa miguu wasiofika 10,000 na wapanda farasi 800, akawatawanya Wakushi 30,000. Malkia wao anamwita Kandake, kana kwamba ni jina, kumbe ni cheo. Anasema alikuwa na sura ya kiume, tena chongo. Wanahistoria wengi humtambua kuwa Amanirenas. Malkia aliahidi kurudisha mateka na sanamu, lakini Petronius hakusubiri. Aliuteka mji mtakatifu wa Napata, akaubomoa, akawauza watu utumwani.

Hapo akageuza. Strabo anasema aliona nchi ya mbele haipitiki.

Laiti angaliendelea? Kati ya Napata na Meroe kuna jangwa la Bayuda. Huenda lingalimmeza. Mwenzake Aelius Gallus, kwa maneno ya Strabo huyo huyo, alipoteza askari saba tu vitani huko Uarabuni. Wengine waliokufa waliangamizwa na maradhi, njaa na uchovu. Lakini tuseme Petronius angalivuka salama na kuukuta mji. Meroe ingalikuwa jimbo, na dhahabu yake ingalihesabiwa Roma. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka yule towashi wa Kushi katika Matendo ya Mitume, aliyesimamia hazina yote ya Kandake wa zama zake. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka hamsini baada ya vita hivi. Petronius angalifika Meroe, towashi yule asingalikuwa na hazina ya kusimamia, ila kodi ya Kaisari ya kukusanya.

Hayakuwa hivyo. Petronius aliacha askari 400 katika ngome ya Premnis, leo Qasr Ibrim, na chakula cha miaka miwili. Malkia akarudi na maelfu ya watu wake. Petronius aliwahi kufika kabla yake, wakaishia kuzungumza. Wajumbe wa Kushi walipoambiwa waende kwa Kaisari, walijibu kwamba hawamjui ni nani wala anapatikana wapi. Wakapewa wa kuwasindikiza hadi kisiwa cha Samos, na huko Augusto akawapa kila walichoomba, hata kodi akawasamehe.

Strabo anavisimulia vita hivi kama ushindi wa Roma. Lakini mshindi gani husamehe kodi? Mpaka uliwekwa Hiera Sykaminos, mbali kaskazini ya Napata, na Kushi ikaishi zaidi ya miaka 300 mingine.

Desemba 1910 John Garstang, akichimba Meroe, alifukua kichwa cha shaba cha Augusto, macho yake ya kioo yakiwa bado yanang'aa. Kilikuwa kimefukiwa chini ya ngazi za hekalu, ili kila anayeingia amkanyage. Zile sanamu malkia alizoahidi kurudisha, walau kipande hiki hakikurudi. Mchanga ulikitunza vizuri kuliko ambavyo Roma ingalikitunza, maana shaba ya Roma nyingi iliyeyushwa.

Garstang huyo huyo aliipata pia, huko Hamadab karibu na Meroe, nguzo ya jiwe yenye majina ya Amanirenas na mwana wa mfalme Akinidad. Imeandikwa kwa hati ya Kimeroe, hati ambayo Wakushi walijitungia wenyewe. Kama Petronius angalivuka, pengine jiwe hilo lingaliandikwa Kigiriki, na leo kila msomi angalilisoma, likimsifu Kaisari.

Tumepata jiwe tusilolielewa. Wataalamu wanajua sauti za herufi zake tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini maana ya maneno mengi bado imefungwa. Basi simulizi tunalolitegemea bado ni la rafiki wa liwali. Lile la malkia limo London, katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, ambako kichwa cha Kaisari nacho kimehifadhiwa. Tunaweza kulisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, bila kujua linasema nini.