Maji Matamu chini ya Mchanga: Takwa, Shela na Hifadhi ya Fuo za Visiwa vya Lamu

Neno pwani limetokana na kitenzi -pwa, yaani kupungua kwa maji ya bahari, pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Kwa asili yake, basi, pwani ni pale maji yanapopwa: mahali ambapo bahari na nchi kavu hupokezana zamu. Mwambao nao umetokana na -ambaa, kupita kando kando. Maneno haya yanadhihirisha kwamba Waswahili hawakuuona ufuo kuwa mpaka usiosogea, bali eneo ambalo bahari ina haki yake.

Historia ya visiwa vya Lamu inaonyesha uzito wa jambo hili. Katika kisiwa cha Manda yamo magofu ya Takwa, mji uliostawi kati ya karne ya 15 na ya 17, ukiwa na msikiti wa Ijumaa, nyumba za mawe ya tumbawe na ukuta wa kuuzunguka. James Kirkman aliuchimba mwaka 1951. Sababu inayotajwa zaidi ya kuhamwa kwake ni visima kuingiwa na maji ya chumvi. Kwa mujibu wa mapokeo, wenyeji wake walivuka mlango wa bahari wakahamia Shela, katika kisiwa cha Lamu. Na watu wa Shela wameendelea kuzuru kaburi la mnara la Takwa ili kuomba mvua. Ziara hiyo ni ibada na, wakati huo huo, ni kumbukumbu ya kiu.

Shela ilikuwa na kile ambacho Takwa ilikipoteza. Nyuma ya ufuo wake mrefu kuna vilima vya mchanga. Mvua inaponyesha, mchanga huipokea na kuichuja, nayo hutuama chini. Kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini. Visima vya hapo ndivyo vilivyokuwa tegemeo la mji wa Lamu. Mchanga ukichotwa, maji yakivutwa kupita kiasi, au nyumba na mashimo ya maji machafu yakijengwa juu yake, hazina hiyo hupungua au kuchafuka, na chumvi hupanda.

Mwaka 2001 Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, eneo lililoorodheshwa ni la hekta 16 hivi; vilima vya Shela vimo nje yake. Hivyo nyumba zilihifadhiwa, lakini chanzo cha maji ya wakazi wake kikabaki kando ya mipaka hiyo, huku thamani ya viwanja vya ufuoni ikipanda kwa sababu ya utalii.

Suala la haki ya ufuo lilifika mahakamani kuhusu bandari mpya ya Lamu, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2012. Mwezi Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba haki za wenyeji, zikiwemo za mazingira safi na za utamaduni, zilikiukwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Uzito wa hukumu hiyo haupo katika fedha pekee. Ilikubali kwamba uvuvi wa jadi ni sehemu ya utamaduni, na kwamba utamaduni hauwezi kutenganishwa na mahali unapotendeka.

Haifuati kwamba ujenzi wote ni uharibifu. Takwa yenyewe ilijengwa, na utalii umewapa wengi riziki. Linalotakiwa ni kutambua kuwa mchanga, mikoko na visima ni sehemu ya mji sawa na milango yake ya nakshi. Watu wa Takwa walipokosa maji walikuwa na Shela ya kuhamia. Shela ikikauka, hakuna kilima kingine cha mchanga ng'ambo kinachowasubiri.