Labania za sikukuu: utamu uliokuja na wageni



Kila Desemba hapa Kabalagala tunachanga. Huyu analeta sukari, yule maziwa ya unga, mwingine makaa. Tunawasha sigiri na kupika labania za Krismasi na Bonane, tulivyofundishwa na dada mmoja aliyetokea Mombasa. Mwaka jana mwenzetu akauliza: "Lakini hii ni chakula ya kwetu kweli?" Tukanyamaza wote. Ndiyo maana tunaandika.

Tuanze na mtaa wetu. Kabalagala ni jina la vile vitumbua vya ndizi mbivu na unga wa muhogo. Ndizi asili yake ni Asia. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno. Yaani hata kitumbua cha wenyeji ni mimea miwili iliyotoka mbali, ikapokelewa.

Labania nazo ni ndugu wa barfi ya Wahindi: maziwa, sukari, iliki. Na sukari ya Uganda ina historia yake. Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda Lugazi mwaka 1924, Muljibhai Madhvani akafuata na Kakira mwaka 1930. Halafu Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Zaidi ya 27,000 walikimbilia Uingereza. Halmashauri ya jiji la Leicester ilitoa tangazo gazetini, hapa hapa Uganda, kuwaambia wasiende kule. Wakaenda. Leo Leicester inajulikana kwa sherehe kubwa za Diwali, na barfi inauzwa madukani.

Huku nyuma viwanda vilidorora, sukari ikawa ya kupanga foleni na ya magendo. Nchi ilifukuza watu, chai ikakosa sukari. Akina Madhvani walirudi Kakira miaka ya 1980.

Sisi tuliotoka upande wa Uvira tunaijua hadithi hii. Wazazi wetu wanasimuliaka sukari ya Kiliba, kiwanda kilichosimama wakati wa vita vya 1996.

Sasa mapishi. Chemsha kikombe kimoja cha sukari na nusu kikombe cha maji. Dondosha tone ndani ya maji baridi: likiwa kidonge laini, sharubati iko tayari. Epua, tia vikombe viwili vya maziwa ya unga, kijiko cha samli na iliki. Koroga haraka mpaka iwe nzito, mwaga kwenye sinia lililopakwa samli, kata ikiwa bado na uvuguvugu. Krismasi tunaongeza tangawizi, Bonane karanga. Idi ikifika tunawapelekea jirani zetu Wasomali zenye iliki tupu, nao wanatuletea halua.

Mara ya kwanza tulikuwa na haraka, hatukungoja lile tone. Ikawa uji! Tukala na vijiko.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na wawili wetu wameanza kuuza labania kwa vipande. Wateja wa kwanza walikuwa Waganda. Yule aliyeuliza mwaka jana? Mwaka huu ndiye anashika mwiko, na hataki mtu amguse.

Na kwenu, sikukuu mlipikaga nini? Tuandikieni hapa chini.